Laini ile ina kidole changu

Kibaigwa, Machi

Mwanangu,

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu WhatsApp hupatikani tena, na meseji ndefu kwenye hicho kitochi chako cha vitufe zinafika vipandevipande. Dada yako ndiye aliyeniambia umeiweka simu kubwa pembeni ili usome. Nimefurahi. Lakini niambie kweli: umeiweka, au umeiuza?

Nauliza kwa sababu vijana wakianza kubeti, kitu cha kwanza kupotea ni simu, halafu huku nyumbani tunaambiwa habari za masomo. Na kama umeiuza, laini iliyokuwa ndani yake ulitoa? Ile laini ilisajiliwa kwa kidole changu mwaka 2020, wewe ulikuwa mdogo, kitambulisho cha NIDA huna. Mtu akitapeli kwa namba ile, polisi watagonga hapa Kibaigwa, si huko bwenini kwako Dodoma.

Unasema ukifungua daftari mkono unakwenda kwenye simu wenyewe. Nakuamini. Likizo nilikuona, sirudii. Hata mimi juzi nilikuwa natazama video ya mtu anakaanga maandazi, mboga ikaungua, baba yako akadhani jirani anachoma plastiki. Na siku ile ulipopiga kunieleza habari ya sapu, ule mtihani wa kurudia, nikawa naitikia "sawa mwanangu, sawa", nilikuwa nasoma grupu la kikoba. Nadhani ulijua. Ulikata mapema.

Haya. Matangazo ya darasa yanayopita kwenye grupu, mwombe mwenzako wa chumbani akusomee kila jioni. Usije kutuambia hukujua tarehe ya mtihani. Hela nitatuma kama kawaida, *150*00# inafanya kazi hata kwenye simu ya vitufe. Na wale matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" nao hawachagui simu. Namba zetu ziandike kwenye daftari. Na usiku usikizime. Kitochi kinakaa na chaji siku kadhaa, kwa hiyo kisingizio hicho huna.

Baba yako anajisifu sokoni, eti mwanawe ameacha simu kwa hiari yake. Wanunuzi wa mahindi wote wameshasikia. Mimi nimenyamaza mpaka nijue laini iko wapi.

Uwele umeanza kukomaa na kwelea kwelea wameshafika. Wadogo zako wanashinda juu ya dungu wakipiga debe, sauti zimewakauka. Mbuzi mweupe kazaa mapacha, mmoja kafa. Bati la jikoni bado linavuja, fundi anataka hela kwanza.

Kondakta atakupa unga wa uwele na ndoo ya mlenda mkavu. Ndoo ni ya shangazi yako, irudishe kwa gari hilohilo. Ukipokea, nibipu: mara moja kama laini unayo, mara mbili kama ilikwenda na simu. Sitapokea, na siku hiyo sitauliza jingine.

Mama yako