Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Madaftari Kwanza, Vinasaba Baadaye

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka. Habari za fedha atazisoma mtunza hazina. Ada zimelipwa vizuri na hatudaiwi na mtu. Mimi nitazungumzia kazi yenyewe ya kutafuta koo zetu, maana mwaka huu imepiga hatua kubwa.

Wengi tumekutana humu kwa sababu ya kuoleana. Mmoja katoka Tanga, Mombasa au Bukavu, mwenzake ana wazazi wa Jamaika au Barbados, na watoto wamezaliwa hapa Uingereza. Upande wetu mtoto akiuliza ukoo wake, yuko mzee wa kumhesabia mababu. Upande wa Karibi hesabu hukwama kwa bibi aliyepanda meli miaka ya 1950. Hapo ndipo tulipoelekeza nguvu.

Familia iliyofika mbali zaidi ni ya mama mmoja ambaye watu wake ni wa Westmoreland, Jamaika. Hakuanza na kipimo cha DNA. Alianza na mama yake mzazi, akaandika kila alichokumbuka mama huyo, kisha akatafuta jina lake kwenye orodha za abiria walioingia nchini mpaka mwaka 1960, zinazohifadhiwa Kew, London, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka. Kutoka hapo akaomba vyeti vya kuzaliwa Jamaika, ambako serikali ilianza kusajili vizazi na vifo kisiwani kote mwaka 1878. Nyuma ya mwaka huo kuna vitabu vya makanisa, na vingi vinasomeka bila malipo kwenye tovuti ya FamilySearch. Humo akakuta ubatizo wa miaka ya 1820, na pembeni pameandikwa jina la shamba la miwa.

Jina hilo la shamba ndilo lililofungua kila kitu. Baada ya Uingereza kupiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, wenye mashamba walilazimishwa kuandikisha watumwa wao ili wasiingizwe wengine kwa magendo. Trinidad walianza 1813. Jamaika na Barbados 1817, na kila baada ya miaka mitatu. Madaftari hayo yako Kew, fungu la T 71. Tuliutazama ukurasa wa shamba lile pamoja ukumbini: jina, rangi, umri, Mwafrika au mzaliwa wa kisiwani, maelezo. Mstari mmoja unasema Phibba, mweusi, miaka 40, Mwafrika. Chini yake Quaco, miaka 9, mzaliwa wa kisiwani, mtoto wa Phibba. Majina ya ukoo hakuna. Phibba na Quaco ni majina ya Waakan, watu wa Ghana ya leo, ya mtoto wa kike aliyezaliwa Ijumaa na wa kiume aliyezaliwa Jumatano, ingawa jina peke yake si ushahidi wa asili, kwa sababu yalizoeleka Jamaika nzima.

Wanachama wapya walikasirika kusikia kwamba watu wetu wanapatikana kwa kumtafuta mwenye mali. Nami inanichoma. Utumwa ulipofutwa, sheria ikaanza kutumika tarehe 1 Agosti 1834, serikali ilitenga pauni milioni 20 kuwafidia wenye watumwa. Waliotumikishwa hawakupewa hata senti, na wengi walizuiliwa kwa mabwana wao kama “wanagenzi” mpaka 1838. Lakini majalada ya fidia hiyo yanataja nani alidai nini, shamba gani, watu wangapi. University College London wameyaweka mtandaoni bure. Tuyatumie bila haya. Yaliyoandikwa humo ni ya wazee wetu pia.

Familia za Barbados zina bahati ya vitabu vya parokia vya tangu karne ya 17, lakini Juni 2024 moto uliunguza sehemu ya Hifadhi ya Nyaraka ya Barbados, Black Rock. Nawasihi mwenye cheti, barua au Biblia yenye majina ya familia aipige picha wiki hii. Na ukiona babu wa Kibarbados katoweka kwenye kumbukumbu baada ya 1904, mtafute Panama. Karibu wanaume 20,000 walikwenda kwa mkataba kuchimba mfereji, na wengine wengi wakawafuata.

Sasa vipimo vya DNA. Vinasaidia sana, ila vinatakiwa vijibu swali ambalo karatasi imeshalileta. Bibi, shangazi na ndugu wa baba mmoja mama mwingine wote huchangia nawe takriban asilimia 25 ya vinasaba, hivyo namba haikwambii huyo ni nani wako. Cheti ndicho kinachoamua. Kisiwa kidogo kina watu waliooana ndani kwa ndani kwa vizazi, kwa hiyo ndugu wa mbali huonekana wa karibu. Wanaotumia kipimo cha mstari wa baba wasishtuke kikionyesha Ulaya. Ni alama ya yale waliyotendewa wanawake mashambani.

Baadhi yetu tulitamani kuona pwani yetu kwenye matokeo ya wenzi wetu. Wengi wa waliopelekwa visiwa vya Waingereza walitoka Ghana, Nigeria, Kongo na Angola ya leo; waliochukuliwa kusini-mashariki mwa Afrika, hasa Msumbiji, zaidi walipelekwa Brazili na Kuba. Kampuni ikiandika “Kibantu”, mara nyingi inamaanisha Kameruni na Kongo. Tena asilimia hizo hubadilika kila kampuni inapoongeza sampuli za kulinganishia, basi tusizichonge kwenye mawe ya makaburi.

Kamati inaleta maazimio mawili mpigie kura leo. Kwanza, mwanachama asipeleke mate ya mzee au ya mtoto bila ridhaa, na mzee aelezwe kabla kwamba huenda akatokea ndugu asiyetajwa nyumbani. Tumeshuhudia familia ikitikisika kwa jambo hilo. Pili, fedha za mwakani zianze na kuwarekodi wazee waliozaliwa visiwani. Vifaa vya vipimo vinunuliwe kwa kitakachobaki. Katibu anazo fomu za ridhaa, na kinasa sauti cha chama kinaazimwa kwake kuanzia Jumamosi.