Barua ya malalamiko: Tulilipia ukumbi, tukapewa maegesho ya magari

Fundi Cherehani,
Umoja, Nairobi.

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Waandalizi wa Tamasha la Katuni na Mashabiki,
Nairobi.

Bwana au Bibi,

KUH: KUREJESHEWA ADA YA MEZA, FIDIA YA VITABU VILIVYOLOWA, NA MKUKI ULIOPOTEA GETINI

Mimi ni fundi cherehani. Nilikuja kwenye tamasha lenu la Jumamosi kule Westlands nikiwa na mpwa wangu, binti wa dadangu, mwanafunzi wa chuo anayechora hadithi za picha na kuzichapisha mwenyewe. Mlimkodisha nusu meza katika sehemu mnayoiita Uchochoro wa Wachoraji. Ada ya meza, shilingi 6,500, niliilipa mimi kwa M-Pesa, na tikiti yangu ya kuingilia ikawa shilingi 1,500. Ujumbe wa malipo yote mawili nimeuambatisha, pamoja na picha nitakazozitaja humu. Nimeshapiga simu nikajibiwa na sauti ya mashine, nikatuma ujumbe kwa WhatsApp nikaona tiki mbili za samawati, mtu amesoma akanyamaza. Ndiyo maana sasa naandika barua.

Nianze na meza, kwa kuwa ndiyo iliyotuleta.

Tangazo lenu lilisema wachoraji watakuwa ndani ya ukumbi mkuu, mkabala na jukwaa. Fomu aliyojaza mpwa wangu ilisema hivyo hivyo, na ramani mliyotuma kwa barua pepe ilionyesha meza yake pembeni mwa mlango mkubwa. Tulifika saa moja asubuhi kama mlivyotuagiza. Kijana mwenye fulana yenu akatuambia mpango umebadilika, wachoraji wako nje. Nje wapi? Nyuma, kwenye maegesho ya magari, chini ya hema, hatua chache kutoka kwenye jenereta. Ile nafasi iliyochorwa kwenye ramani ilikuwa imekaliwa na programu ya mikopo ya simu iliyoleta gurudumu la kuzungusha watu wajishindie kofia, kampuni ya vinywaji na friji zake, na kibanda cha kuuza simu. Sina ugomvi na wauza simu. Lakini hakuna aliyenunua tikiti ya tamasha la katuni ili akazungushe gurudumu la mkopo.

Jenereta ilinguruma kutwa. Mteja akiuliza bei, mpwa wangu anaiandika kwenye karatasi na kumwonyesha. Wateja wenyewe walikuwa wa kuhesabika, maana hapakuwa na hata kibao kimoja ndani ya ukumbi kilichosema wachoraji wako huku. Waliotufikia walikuwa wakitafuta choo.

Kisha saa nane ikanyesha. Hapa niruhusuni niseme kama fundi. Hema lile ni la kukodisha kwenye harusi na matanga, na mshono wake wa katikati umeshonwa kwa uzi mwembamba, mshono mmoja, bila kuzibwa kwa utepe wala nta. Turubai likishonwa hivyo, kila tundu la sindano linapitisha maji mara kitambaa kinapolemewa. Niliuona mshono huo asubuhi nikamwambia kijana wenu, akacheka akasema, "Mama, si mvua ya leo hiyo." Mvua ikaja, maji yakafuata mshono kama ilivyo kawaida yake, na mshono ulipita juu ya meza yetu na ya jirani zetu wawili.

Vitabu vya mpwa wangu vilichapishwa River Road. Kurasa za ndani zilitolewa kwa mashine ya leza, na hizo hata zikilowa maandishi hubaki. Majalada ya rangi yalitolewa kwa printa ya wino wa maji, ambao ni nafuu, na wino huo haujui kustahimili tone. Niliona jalada moja likiyeyuka mbele ya macho yangu: uso wa mhusika ukaanza kushuka kuelekea kwenye kichwa cha hadithi, nyekundu ikaingia kwenye samawati, na kidole changu kilipogusa kikatoka na zambarau. Alikuja na nakala 40. Nakala 26 ziliharibika, na kila moja ilimgharimu shilingi 180 kuchapa. Hiyo ni shilingi 4,680, bila kuhesabu usiku aliokesha akikunja na kubana pini. Risiti ya mchapaji imo kwenye viambatisho. Tulipoomba tuhamishiwe ndani, hata kama ni ukutani bila meza, tuliambiwa nafasi za ndani ni za wadhamini.

Nalisema hili kwa sababu mabango yenu yanajigamba kuwa hii ni San Diego ya Afrika Mashariki, na kwamba mnaleta Tokyo nyumbani. Mpwa wangu anazijua habari hizo kuliko mimi, akanisimulia tukiwa tumejibanza chini ya pembe moja kavu. Tamasha la katuni la San Diego, Marekani, lilianza 1970 katika orofa ya chini ya ardhi ya hoteli moja ya mjini, mashabiki na wachoraji wakiuziana na kuzungumza. Lile la Tokyo, Comiket, lilianza Desemba 1975 likiwa na vikundi 32 vya watu waliojichapishia kazi zao na wageni kama 700, na mpaka leo linasimama juu ya meza za watu wa namna hiyo hiyo. Ninyi mmechukua majina yao, na wale watu walioyafanya majina hayo yajulikane mkawatoa nje wakalowe.

Na mshereheshaji wenu naye, jukwaani, akatangaza kwa kipaza sauti kuwa Kenya haikuwa na utamaduni wa katuni mpaka ninyi mlipokuja. Mimi nimekulia kwenye nyumba iliyogombania gazeti la Taifa Leo ili kumsoma Juha Kalulu, mhusika wa katuni za Edward Gitau. Kabla sijajua kusoma, hapa hapa Nairobi, mchoraji Terry Hirst na mwandishi wa habari Hilary Ng'weno walikuwa wameanzisha jarida la Joe, 1973, lililojaa katuni na kejeli za maisha ya mjini. Mtu akipewa kipaza sauti kwenye tamasha la katuni, angalau asome kidogo. Hili silidai fidia. Nimelisema tu kwa vile liliniuma.

Sasa mkuki.

Mpwa wangu alijiandikisha pia kwenye mashindano ya mavazi. Alivaa kama mhusika wa hadithi yake mwenyewe, mwanamke mlinzi wa mji wa pwani. Vazi nililishona mimi: kaniki nyeusi iliyokatwa vipande vya pembetatu ili ichanue anapogeuka, bitana ndani, na pindo la leso nililolitoa nikaligeuza mshipi. Mkuki aliutengeneza yeye kwa bomba la plastiki la mafundi wa maji, jepesi, tupu ndani, na ncha ya sponji iliyokatwa kutoka kwenye ile mikeka ya kuchezea watoto, ikagandishwa kwa gundi ya viatu na kupakwa rangi ya fedha. Kanuni zenu zinasema silaha za maonyesho zisiwe za chuma, zisiwe na makali, zisizidi mita moja na nusu, na kwamba zitakaguliwa getini na kufungwa kitambulisho cha rangi. Tulikuwa tumezipiga chapa kanuni hizo. Mkuki ulikuwa na mita 1.4, na tuliupima kwa tepu yangu ya kushonea kabla ya kutoka nyumbani.

Askari wa getini aliupokea, akaikunja ncha aone ni kitu gani, ikang'oka. Akatazama ile ncha mkononi mwake, akatutazama sisi, kisha akautia mkuki mzima kwenye pipa lililokuwa na miavuli na chupa za maji. Tukamwonyesha kanuni. Akasema yeye hajapewa karatasi yoyote, ameambiwa tu asiruhusu silaha. Hakutoa risiti wala kitambulisho. Simlaumu hata kidogo. Alikuwa amesimama tangu alfajiri bila kiti, na aliyepaswa kumpa karatasi ni ninyi. Jioni tuliporudi pipa halikuwepo. Askari wa zamu mpya akasema taka zimeshachukuliwa.

Jukwaani mpwa wangu akasimama mikono mitupu. Mshereheshaji yule yule akamuuliza, "Mlinzi gani huyu asiye na hata fimbo?" Watu wakacheka. Yeye akatabasamu kwa heshima akashuka. Nimemlea mtoto huyo kwa sehemu kubwa ya maisha yake na najua tabasamu lake la kweli lilivyo. Lile halikuwa.

Kuhusu majaji, fomu ilisema nusu ya alama ni za ufundi wa mkono. Hakuna jaji aliyegeuza pindo, hakuna aliyeuliza nani ameshona wala kwa muda gani. Mshindi alivaa nguo ya kununua, lebo ya kiwanda ikichungulia shingoni, nami nilikuwa safu ya pili nikaiona. Sidai zawadi ibadilishwe, yule kijana hakukosa kitu. Nataka mchapishe alama, kama kanuni zenu zilivyoahidi, ili washonaji wajue wakija mwakani wanashindania nini.

Kuna jambo jingine dogo ambalo si dogo: mlango wa dharura wa upande wa kushoto ulikuwa umezibwa na friji mbili za vinywaji, na ukumbi ulijaa mpaka watu wakawa wanapita kwa mbavu. Picha ninayo. Moto ungezuka tusingekuwa tunaandikiana barua.

Nisiwadhulumu: semina ya kuchora katika chumba kidogo cha juu ilikuwa nzuri sana. Mzee aliyeifundisha aliwaonyesha vijana jinsi ya kupanga visanduku vya hadithi ili jicho lisipotee njia, na mpwa wangu alitoka na daftari limejaa. Chumba kilikuwa na viti vichache na watu wakakaa sakafuni wakiwa radhi kabisa. Siku nzima pale ndipo palipokuwa na tamasha mlilotangaza.

Najua mtanielekeza kwenye mstari wa chini wa tikiti unaosema fedha hazirudishwi. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaostahili, haki ya kupewa maelezo, na haki ya kufidiwa akipata hasara. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 nayo inahesabu maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu huduma kuwa mwenendo usio wa haki, na mstari mdogo chini ya tikiti hauiondoi haki hiyo. Mliuza nafasi ndani ya ukumbi, mkatoa nafasi nje, na mlijua kabla hatujafika kwa sababu wadhamini walikuwa wamekwisha kupanga vitu vyao.

Ninachodai ni hiki. Ada ya meza, shilingi 6,500, irudi yote. Gharama ya vitabu vilivyolowa, shilingi 4,680, ilipwe. Kwa mkuki nadai shilingi 1,200 za vifaa tu, na barua ya kumwomba mpwa wangu radhi, iandikwe kwake na si kwangu. Na ile picha yake mliyoiweka kwenye tangazo la mwakani, akiwa na vazi nililoshona na nembo ya mkopeshaji imebandikwa pembeni, iondolewe, maana hakuna aliyemwomba ruhusa, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haiwaruhusu kuifanyia biashara bila ridhaa yake.

Jumla ya fedha ni shilingi 12,380. Zitumwe kwa nambari ile ile iliyolipa. Nawapa siku 14 tangu mtakapopokea barua hii, na nakala mtaiona imepigwa mhuri wa kupokelewa na mapokezi yenu. Zikipita bila jibu, nitaipeleka kwenye Mahakama ya Madai Madogo, ambako kesi ya chini ya shilingi milioni moja mtu anaweza kuisimamia mwenyewe bila wakili, na uamuzi unatakiwa kutoka ndani ya siku 60. Mashahidi ninao: majirani zetu wawili wa meza, ambao vitabu vyao pia vililowa, wamekubali kuja.

Kama mngependa kuonana kabla ya hapo, napatikana kibandani kwangu siku yoyote isipokuwa Jumapili. Anwani na nambari ya simu viko kwenye stakabadhi ya kwanza.

Wenu,

Mteja na mlezi wa mchoraji wa meza iliyohamishwa

Viambatisho: ujumbe wa malipo ya M-Pesa, ramani ya ukumbi mliyotuma, fomu ya meza, kanuni za mavazi, risiti ya mchapaji, picha za hema, vitabu na mlango wa dharura.