Nyuki wa Tanga wamepewa sifa isiyo yao

Ndugu Mhariri,

Kila Novemba ikikaribia, simulizi ya Vita vya Tanga vya 1914, Waingereza walipokuja kuuteka mji kutoka kwa Wajerumani, hurudi, na shujaa wake ni nyuki, wanaosemwa ndio waliowafukuza Waingereza. Sisi wa Tanga tunaipenda, hata wajukuu zangu nimewasimulia. Lakini nyuki walitoka tarehe 4 Novemba, tena waliuma pande zote mbili, wapiga bombomu (bunduki za rashasha) wa Kijerumani wakiwemo. Mambo yalikuwa yameharibika siku mbili kabla, na yaliharibikia baharini.

Asubuhi ya tarehe 2, manowari ya Kiingereza, Fox, iliingia bandarini peke yake. Nahodha wake, Caulfeild, akamwarifu Auracher, mkuu wa wilaya wa Kijerumani, kuwa makubaliano ya kutoshambuliana yamefutwa, basi ausalimishe mji. Yaani unabisha hodi, unamwambia mwenye nyumba umekuja kumpiga, kisha unampa nafasi ya kufikiri! Akamuuliza pia kama bandari imetegwa mabomu. Ndiyo, akajibiwa. Alitarajia aambiwe nini? Auracher akashuka, akapeleka habari, akavaa sare ya jeshi. Huko Moshi Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Kijerumani, akaanza kupakia askari kwenye treni.

Fox ikarudi kwenye msafara wa meli za Kiingereza, saa zikapotea kutafuta mabomu yasiyokuwepo. Jeshi la Kiingereza la Jenerali Aitken, watu kama 8,000 waliotoka Bombay, wengi hoi kwa kutapika njiani, halikushushwa gatini. Lilianza kushushwa usiku, kwenye rasi ya Raskazone kando ya mji, kwenye mikoko. Anayedhani ni jambo dogo aende pale maji yakipwa, avue viatu, ajaribu hatua hamsini na mzigo mgongoni. Mimi nilijaribu mikono mitupu, na ndala yangu moja iko huko hadi leo.

Aitken naye hakuwa mtu wa kusikia la mwenzake: upelelezi aliukataa. Alfajiri ya tarehe 4 Lettow alikwishafika, mji akauzunguka kwa baiskeli gizani, na kwa watu kama 1,000 tu akawarudisha wageni majini. Aitken alishushwa cheo hadi kanali. Ufukweni ziliachwa bombomu 16, risasi 600,000 na bunduki za kutosha kombania tatu za askari wa Lettow, ambao walizitumia kupigana na Waingereza hao hao.

Msomaji wenu,
Tanga