Pesa inayorudi kwa jina la mama ni ya nani?

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa barazani kwa mama, Ngamiani, Tanga. Likizo yangu imebaki siku tisa, na ndani ya nyumba hii tunasalimiana kama wapangaji. Mimi ni mwanamke wa miaka 41. Mwaka wa kumi na moja huu niko Ujerumani, mji wa Kiel, kazi yangu kutunza wazee. Karibu na Kiel kuna mji mdogo uitwao Eckernförde, ambao na Tanga ni miji dada tangu 1963. Mama akiulizwa mwanao yuko wapi, hujibu, "Yuko kwa ndugu zetu." Nakutajia hili ujue kwamba mpaka juzi mama hakuwa na ugomvi na Wajerumani.

Ugomvi ulianzia kwenye sufuria.

Mwaka juzi nilimwalika mama, akakaa nami miezi miwili na nusu. Siku za mwisho tukaingia madukani kununua zawadi: seti ya sufuria, blenda, saa ya ukutani, viatu vya wajukuu. Muuzaji mmoja alipomwona mama na buibui lake akauliza kama ni mgeni. Tukamwonyesha pasi, akatoa fomu. Kule bei unayoiona kwenye rafu imeshatiwa kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 19 kwa vitu vingi, 7 kwa vyakula vingi. Anayeishi nje ya Umoja wa Ulaya akinunua vitu vya zaidi ya euro 50 katika duka linaloshiriki, akatoka navyo kabla haijapita miezi mitatu baada ya mwezi wa kununua, anaweza kurudishiwa kodi ile. Uwanja wa ndege wa Hamburg tulipita forodha kabla ya kukabidhi mabegi. Afisa akaitazama sufuria kama anayetaka kupika, akagonga mhuri. Manunuzi yalikuwa euro 612, kodi ndani yake kama 97, wenye kazi ya kurudisha wakakata chao, mama akapata 67. Mimi ninayeishi kule sipati hata senti kwa njia hiyo. Mkate nilioulia Kiel umeishia Kiel.

Mama aliporudi alihadithia barazani mara moja tu. Hadithi ilipofika Soko la Mgandini ilikuwa imeshaota mabawa: Ulaya ukinunua kitu, serikali inakurudishia hela yako! Sisi hapa TRA inatuhimiza "ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti", tukishaidai tunafungia karanga. Kumbe wenzetu risiti ni fedha. Kaka yetu mkubwa akanipigia usiku wa manane. Nikusanye risiti zangu zote za mwaka, za chakula, za mashine ya kufulia, za baiskeli; yeye atakuja kutembea wiki mbili, adai kodi yote kwa pasi yake, tugawane nusu kwa nusu. Nikamuuliza, mashine ya kufulia utaibeba begani mpaka forodha? Maana wanataka kuviona vitu, tena vipya. Akacheka, lakini si kicheko cha kukubali. "Wewe hutaki tu," akasema.

Hilo ningelimaliza mwenyewe. Lililonileta kwako ni la pili, na humo nina kosa langu.

Mfanyakazi wa kule hukatwa kodi kwenye mshahara kila mwezi. Mwaka ukiisha anaweza kupeleka hesabu Finanzamt, ndiyo TRA yao, kuonyesha matumizi ambayo sheria inayakubali. Miaka ya mwanzo sikujua. Mwenzangu wa kazini, Mghana, ndiye aliyenikalisha chini akanifungulia ELSTER, mtandao wao wa kupelekea hesabu, akaniambia asiyelazimika kupeleka ana miaka minne ya kurudi nyuma. Shangazi, ni mambo ya ajabu. Kuna euro 1,230 za gharama za kazi wanazokuhesabia bila kukuuliza. Ukidai zaidi ya hapo ndipo unaonyesha ushahidi. Safari ya kazini hawatazami umepanda nini, wanatazama kilomita za kwenda tu: kwa hesabu ya 2024, senti 30 kila kilomita, na kuanzia ya 21 senti 38. Kwangu mpaka kazini ni kilomita 24. Kwa siku 210 inatoka kama euro 1,579. Na mwenye baiskeli anahesabiwa vilevile. Sheria hii ingehamishiwa Tanga, kwa baiskeli zetu hizi, tungejenga maghorofa. Hata ujira wa anayekwangua theluji mlangoni, ambao mwenye nyumba hutugawia wapangaji kwenye gharama za mwaka, asilimia 20 yake inapunguzwa kwenye kodi ninayodaiwa.

Na kuna kipengele cha wazazi.

Ukimsaidia mzazi asiye na uwezo, hata akiwa nje ya nchi, unaruhusiwa kuuondoa msaada huo kwenye kipato kinachokatwa kodi. Mama ana miaka 71. Namtumia euro 200 kila mwezi, 2,400 kwa mwaka. Hazirudi zote, asikudanganye mtu. Kwa mshahara wangu zilinirudia kama 700, karibu milioni mbili za kwetu. Tena kuna kikomo. Mwaka 2024 kilikuwa euro 11,784 kwa anayesaidiwa akiwa Ujerumani, ila nchi nyingine wamezipanga kwa madaraja ya gharama za maisha, na Tanzania iko daraja la robo, yaani 2,946. Kaka aliposikia alisema, "Kumbe mbele yao mama ni robo mtu." Nimekosa la kumjibu mpaka leo.

Sharti lake ni karatasi. Fomu ya Kijerumani na Kiingereza inauliza mama ana kipato gani, ana mali gani, anaishi na nani, nani mwingine anamsaidia. Asaini yeye, na mamlaka ya mahali anapoishi ithibitishe kwa mhuri. Kwa miaka minne nilikuwa naituma kwa simu kwa binti wa dada yangu, anaichapisha, anampelekea mama na kumwambia, "Saini hapa bibi, mambo ya mama mdogo ya kule." Kisha anaikimbiza kwa mtendaji wa mtaa, na karatasi inanifikia kwa mkono wa msafiri. Mama alikuwa anasaini kwa kuniamini. Sijawahi kumweleza kilichoandikwa mle. Nilijiambia Kiingereza chenyewe hajui, ya nini kumchosha. Hilo ndilo kosa langu na silipunguzi.

Mwaka huu nimekuja mwenyewe, nikaona twende pamoja. Mtendaji ni mpya, kijana mchangamfu, ana Kiingereza chake na hamu ya kukitumia. Ofisini tulikuwa watu kama saba, akiwemo jirani yetu aliyefuata habari za mpaka wa kiwanja. Yule kijana, badala ya kugonga mhuri, akaanza kusoma kwa sauti na kutafsiri: "Hapa inathibitishwa kwamba mama huyu ni mhitaji, hawezi kujikimu bila kusaidiwa." Akamgeukia. "Ni kweli, mama?"

Mama alikuwa amekaa, mkoba mapajani. Huyu ni mwanamke aliyefiwa na mume, karani wa reli, akabaki na watoto watano, akatusomesha wote kwa mahamri na mbaazi, na sikumbuki siku aliyotutuma kwa jirani kuomba chumvi. Alimtazama kijana, akanitazama mimi. "Karatasi hiyo nitaifuata siku nyingine, mwanangu," akamwambia, akanyanyuka. Kwenye bajaji hakunena neno mpaka tunakata kona ya nyumbani.

"Umeniandikisha fukara kwa watu niliokula kwao."

Jirani wa kiwanja, inaonekana, alisahau mpaka wake akaenda kusimulia. Jioni wakaja wanawake wawili kumjulia mama hali, na mmoja akamletea unga kilo mbili. Kilo mbili za unga, Shangazi! Mama aliupokea kwa shukrani, akauweka juu ya kabati, na uko pale mpaka ninavyoandika.

Kaka naye akapata pa kusimamia. Anasema hela iliyorudi kwa umaskini wa mama ni ya mama, na kwa miaka minne nimekula mimi karibu milioni nane. Nikamwambia zile euro 200 zinatoka kwangu, na kinachorudi ni kodi niliyokatwa mimi, kwa kuinua wazee wa watu mpaka mgongo unalia. Akaniuliza, "Bila jina la mama ingerudi?" Isingerudi. Hapo huwa nanyamaza.

Acha nikuambie na ambalo yeye halisemi. Zamani nilimtumia mama kupitia kampuni ya kutuma fedha. Kaka ndiye aliyempeleka dirishani na kumrudisha, na noti mbili tatu zilikuwa zinabaki njiani kwa jina la mafuta ya pikipiki. Kuanzia 2025 sheria ya kule haiikubali tena njia hiyo. Inataka fedha ipite benki, iingie kwenye akaunti ya anayesaidiwa mwenyewe. Tukamfungulia mama akaunti, kadi anayo yeye, na namba yake ya siri hata mimi hanitajii. Kaka hakulalamika waziwazi, ila ni tangu hapo alipoanza kuuliza habari za kodi. Simlaumu sana, biashara yake ya vipuri imedorora. Lakini sasa anataka na yeye nimwandikie fomu, mtendaji agonge kwamba hana kazi. Hairuhusiwi. Wanaohesabika ni wale ambao sheria inakulazimisha kuwatunza, kama wazazi, watoto, babu na bibi, au mume na mke; ndugu wa tumbo moja hamo. Na mwenye nguvu zake wanamtarajia afanye kazi. Nimemweleza mara tatu, anaona natunga.

Kwa sheria niko safi. Kila nilichoandika ni kweli: mama hana pensheni, mahamri aliyaacha magoti yalipomshinda, na nyumba hii anayoishi wenyewe hawaihesabu. Ni lile neno tu. Kwa Mjerumani "mhitaji" ni neno la ofisini, kisanduku cha kutia alama. Kwa mama limesomwa mbele ya jirani. Nimelala nikilitafutia Kiswahili kingine chenye heshima, sijakipata.

Dada zangu wanasema niache kudai, euro 700 hazilingani na uso wa mama. Nilimpigia yule Mghana, akashangaa: "Uwaachie serikali?" Mimi mwenyewe nayumba. Naweza kuachana na fomu nikaendelea kumtumia mama kama kawaida. Nitakosa 700, na kusema kweli ndizo zinazonilipia tiketi ya kuja kumwona. Naweza kumpa yeye zote kila zikirudi. Hapo naogopa ataona namlipa kwa kukubali kuitwa fukara. Nikizigawa kwa ndugu wote, nitakuwa nimelikubali neno la kaka kwamba nilikula.

Jana usiku nilimfuata mama jikoni kumwomba radhi. Nikaanza na habari za sheria na robo na kikomo, akanikata. "Sheria yao sina ugomvi nayo. Ungeniambia." Akaendelea kuchambua mchele. Basi nikaitoa ile fomu nikamsomea kwa Kiswahili mstari kwa mstari, na lile neno sikuliruka. Alisikiliza mpaka mwisho. Tulipofika panapouliza nani mwingine anamsaidia, akaniuliza:

"Na kaka yako umemwandika?"

Nikamwambia sikumwandika, kwa sababu hatoi kitu.

"Mwandike. Watu wakisoma, wasome kwamba na yeye anamtunza mama yake. Hapo nitasaini."

Shangazi, ndipo nilipokwama. Nimekataa kumwandikia kaka uongo wa kwamba hana kazi, na sasa mama ananitaka nimwandikie uongo wa kwamba ana kitu anachotoa, tena chini ya mhuri wa serikali. Nikikataa, ni mimi niliyemwandika mama fukara nikakataa kumwandika kaka muungwana. Nikikubali, fomu niliyokuwa najivunia kwamba haina neno la uongo itakuwa nalo. Wazo moja lilinijia usiku: nimpe kaka shilingi elfu hamsini ampelekee mama kila mwezi kwa mkono wake, ili iwe kweli. Sijui kama huo ni ujanja au ni ujinga.

Fomu iko mkobani mwangu. Pa saini ya mama pako wazi, na pa mhuri pako wazi. Basi la Dar nimekata la Alhamisi ya wiki ijayo, alfajiri. Nijibu, hata kama jibu litanikuta Kiel.

Mimi mwanao,
Ngamiani, Tanga