Tusimwage vifaranga vya samaki Mto Nairobi kabla ya kujua mna nini

Mhariri,

Ninauza samaki wa urembo hapa Ngara, wale wa matangi ya kioo, na baada ya bei swali ninaloulizwa sana ni hili: "Nikihama nyumba, hawa nitawapeleka wapi?" Wengine hawaulizi, wamekwisha kujijibu. Mtoto anaenda shule ya bweni, landilodi hataki tangi, au samaki amekua hadi hawezi kugeuka. Basi anatiwa kwenye ndoo, anapelekwa mto wa karibu, na mwenyewe anarudi nyumbani roho ikiwa nyeupe.

Ninaandika kwa kuwa wema wa aina hiyo sasa unatakiwa kufanywa kwa jumla. Tangu mradi wa kuufufua Mto Nairobi uzinduliwe Machi 2025, kila nikihudhuria kikao cha mtaani kuhusu usafi wa mto, hakosi mtu wa kusimama na kupendekeza kwamba maji yakitakata tumwage vifaranga vya tilapia, vijana wavue, wauze. Watu hupiga makofi. Mimi sipigi. (Nani atakuwa wa kwanza kula samaki wa Korogocho, hilo nalo halijawahi kuulizwa.)

Uchafu wa mto huu, ubaya wake wote tukiujua, umekuwa kama lango lililofungwa. Huko juu, kuanzia kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu na vijito vya msitu wa Karura, kuna maji yanayoweza kulea viumbe. Huko chini mto unaingia Athi, wenye wenyeji wake: kambare, mikunga wanaopanda kutoka Bahari Hindi, na tilapia wa Sabaki. Katikati, kuanzia Gikomba kushuka Dandora hadi Njiru, maji hayana hewa ya kutosha samaki wengi. Tukiyasafisha, lango linafunguka pande zote mbili. Nalitaka lifunguke. Lakini atakayetangulia kupita huenda asiwe mwenyeji.

Chukueni gapi, kisamaki chenye mkia wa rangi ambacho watoto hukililia dukani kwangu. Aliletwa Afrika Mashariki zamani ale viluwiluwi vya mbu. Anavumilia maji ambayo wengine yangewaua. Hatagi mayai, anazaa watoto wanaoogelea saa hiyo hiyo, na jike huweza kutunza mbegu za dume tumboni kwa miezi. Jike mmoja aliyemwagwa, hata bila mume, anatosha kuanzisha ukoo mzima.

Tilapia ndiye anayenitia hofu zaidi, kwa sababu yeye anapendwa. Yule tunayefuga kwenye mabwawa ni tilapia wa Nile. Mtazameni mkia: una mistari iliyosimama, iliyopangika vizuri kutoka juu hadi chini. Wa Sabaki hana mpangilio huo. Shida ni kwamba wawili hawa wanazaana, na watoto wao nao wanazaa. Baada ya vizazi kadhaa unavua samaki mwenye mistari nusu nusu, na hata mtu aliyezoea samaki hawezi kuapa ni nani. Mvamizi wa kawaida anakula chakula cha mwenyeji, naye mwenyeji angalau anabaki yeye. Huyu anamfuta kwa kumwoa. Mabwawa mengi yalichimbwa kuanzia 2009 katika mpango wa serikali wa kuchochea uchumi, na mvua kubwa ikivunja kingo, samaki hawasubiri kuitwa.

Hadithi ya mbuta aliyeletwa Ziwa Viktoria akawamaliza fulu wengi wa huko kila mtu anaijua, sitairudia. Naivasha ni karibu zaidi na haizungumzwi. Ziwa lile lilikuwa na kisamaki chake kidogo kisichopatikana kwingine duniani. Mwaka 1929 wakaletwa samaki wanaoitwa bass kutoka Marekani kwa ajili ya wavuvi wa ndoano, na yule mwenyeji mara ya mwisho alionekana 1962. Kamba wekundu wa Marekani waliingizwa 1970. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakaja samaki wengine wageni, kapi, inasemekana walitoroka mabwawa ya bonde la Mto Malewa, na haikupita miaka kumi wakawa ndio wengi nyavuni. Wavuvi wanawauza na wanashukuru, siwalaumu. Nasema tu kwamba hakuna aliyewahi kuwatoa.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaousimamia mradi ni kuhesabu kwanza. Siku hizi mtafiti huchota maji, anayachuja, na kutoka kwenye ute na magamba yaliyobaki maabara inasoma vinasaba vya samaki waliopita pale. Ni njia nzuri na haimsumbui samaki. Hapa kwetu itahitaji tahadhari moja: maji ya kuoshea samaki Gikomba na mabaki ya jikoni yanaingia mtoni, na maabara inaweza kutangaza kwamba Mto Nairobi umejaa mbuta na omena wa Ziwa Viktoria! Kwa hiyo watu waingie majini pia, na mitego, na nyavu, na ile mashine ya mgongoni inayomduwaza samaki kwa umeme kidogo ili apimwe na kurudishwa. Waende mahali pale pale kila msimu, kiangazi na masika: Ondiri, Chiromo, Njiru, pale mto unapokutana na Athi, na maporomoko ya Fourteen Falls. Makavazi ya Kitaifa, yaliyo hatua chache tu kutoka mtoni, yana samaki waliohifadhiwa tangu zamani; wa leo walinganishwe na hao. Orodha ichapishwe tuione. Mpaka hapo, kifaranga asimwagwe, awe wa mheshimiwa au wa kikundi cha vijana.

Na sisi wauzaji tusiachwe nje. Leseni yangu inaniruhusu kuuza samaki ila hainilazimishi kumpokea anaporudi. Ingenilazimisha nisingelalamika, nina matangi mawili nyuma ya duka kwa kazi hiyo.

Mwenye samaki asiyemtaka tena amlete. Sinunui wala sitozi. Amlete asubuhi, kwenye ndoo yenye kifuniko, ndani ya maji ya tangi lake mwenyewe na si ya mfereji, maana klorini itammaliza kabla hajafika Ngara. Akiwa amekwisha kufa, afukiwe kwenye udongo.

Muuza samaki wa urembo,
Ngara, Nairobi