Risala ya Walimu Wahitimu wa Mafunzo ya Haki za Binadamu kwa Mgeni wa Heshima, Mathare, Nairobi

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, mwenyekiti wa kikundi, walimu wakuu, wazazi, wahitimu wenzangu, itifaki ikiwa imezingatiwa, hamjambo nyote!

Kwa niaba ya walimu wenzangu nakukaribisha Mathare kwa mikono miwili. Tunajua shughuli zako ni nyingi, na msongamano wa Juja Road tunaujua. Kufika kwako kumetupa heshima kubwa.

Mheshimiwa, kikundi chetu kilizaliwa mwaka 2020, shule zilipofungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona. Tulikuwa walimu saba tukitumiana masomo kwa WhatsApp. Mwalimu kusoma akiwa mbali si jambo geni nchini: tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 walimu wa Kenya walisoma kwa posta na kwa redio kutoka mji wa Kikuyu. Shule zilipofunguliwa Januari 2021 hatukuvunja kikundi. Tulichagua haki za binadamu kwa sababu Katiba ya 2010 ipo, Sura ya Nne, ile ya haki, ipo, watoto wanaikariri, na anayewakaririsha ameshika kiboko. Kifungu cha 29 kinakataza adhabu ya viboko. Wengi wetu tulikuwa hatujakisoma.

Leo tunajivunia kundi la tatu, wahitimu 19. Mheshimiwa, haya ni mapinduzi ya elimu katika bonde hili, na tunayasema bila woga. Mmoja wao, mwalimu wa Gredi ya Sita, alisoma na wanafunzi wake Kifungu cha 43, kile kinachotaja makao na usafi wa mazingira. Msichana mmoja akainua mkono na kuuliza kama choo cha shule kisicho na mlango ni kinyume cha Katiba. Mwalimu hakumnyamazisha. Darasa zima liliandika barua kwa mwalimu mkuu, na wiki iliyofuata mlango ukapigiliwa. Ni wa bati, bawaba zake zimekatwa kwenye tairi kuukuu, lakini unafungwa kwa ndani. Mwalimu mkuu huyo yuko nasi hapa, na tunampigia makofi.

Mheshimiwa, sasa turuhusu tulifikie jambo lililotufanya tukuandikie barua ya mwaliko.

Mafunzo yetu huenda hivi. Mwalimu hupewa kijitabu, husikiliza sauti za mwezeshaji kwenye simu jioni akishasahihisha madaftari, na Jumamosi tunajadiliana moja kwa moja mtandaoni. Mwisho hurekodi kipindi alichofundisha darasani, akakituma ili wenzake wamkosoe. Simu humlenga mwalimu peke yake. Sura za watoto hatuzionyeshi. Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 2011 kuhusu elimu ya haki za binadamu linasema elimu hii ni ya namna tatu: kuhusu haki, kupitia haki, na kwa ajili ya haki. Ile ya kwanza inaingia kwenye karatasi. Ya pili haiingii. Ya pili iko katika namna mwalimu anavyosimama, anamwita nani ajibu, na anafanya nini mtoto anapokosea. Mmoja wetu alifundisha utu wa binadamu kwa dakika thelathini, kisha akamwambia mvulana mmoja, "Wewe kaa chini, huna akili." Hakujisikia akisema. Alijisikia tulipomrudishia video yake, akalia. Hakuna kijitabu ambacho kingemwonyesha hilo.

Na video hiyo, Mheshimiwa, ilichukua siku nne kutufikia. Bando lilikuwa linaisha kabla haijapanda. Walimu wa shule hizi ndogo za mtaani hulipwa kidogo, na mishahara mingine huchelewa mpaka wazazi walipe karo. Mwalimu mama anaponunua bando anakuwa ameacha kununua unga. Wenzetu sita wa kundi hili waliacha mafunzo njiani kwa sababu hiyo, na hakuna hata mmoja aliyeacha kwa uvivu. Karatasi nazo hazikutuokoa: mafuriko ya Aprili 2024 yalipopita bondeni, vijitabu tulivyochapisha kwa michango yetu viligeuka uji. Tuna pia mwenzetu asiyeona vizuri, ambaye hufundisha vizuri kuliko wengi wetu. Kioo cha simu hakimfai. Anahitaji kompyuta yenye programu ya kusoma maandishi kwa sauti, na Kifungu cha 54, kile cha watu wenye ulemavu, kinamtambua. Mpaka leo anasomewa na binti yake.

Kwa hiyo ombi letu ni moja: intaneti katika chumba chetu cha mafunzo, na kompyuta kumi.

Ombi hili si jipya. Kundi la kwanza lilipohitimu, mgeni wa heshima wa siku ile aliahidi hapa hapa, mbele ya kipaza sauti, kwamba intaneti ingefika ndani ya siku mia moja. Tulishangilia, akina mama wakapiga vigelegele. Na ni haki tuseme kwamba mafundi walikuja. Walipima ukuta, wakatoboa tundu la waya juu ya dirisha, wakasema watarudi Jumatatu. Hawajarudi. Tundu hilo tumeliziba kwa kitambaa, maana mvua inaponyesha maji hupita pale na kutiririka mpaka kwenye ubao. Kundi la pili lilipohitimu, mgeni mwingine alitwambia faili iko mezani. Tumeandika barua tatu kuuliza ni meza gani. Tunafundisha watoto Kifungu cha 35, haki ya kupata habari, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inayompa afisa siku 21 za kujibu. Wanafunzi wetu wanajua kuhesabu, Mheshimiwa, na wanatuuliza.

Hatusemi haya kukulaumu. Hukuwapo, na tunaamini moyo wako ni safi. Tunasema ili usitupe ahadi kwa sababu ya furaha ya leo. Ukiona haliwezekani, tuambie haliwezekani, tutakushukuru vilevile na tutabisha mlango mwingine. Ukiona linawezekana, tunaomba mambo mawili kabla hujaondoka: tarehe, na jina la afisa tutakayempigia simu tarehe hiyo ikipita. Na malipo ya intaneti yapangwe kwa mwaka mzima, maana waya usiolipiwa utakuwa mfano wa lile tundu.

Kundi la nne linaanza Januari. Walimu 27 wamejiandikisha, baadhi kutoka Huruma na Kariobangi, na kila mmoja ameuliza swali lile lile kuhusu bando.

Nakala ya risala hii atakukabidhi mwenyekiti, pamoja na barua zetu tatu. Na kabla ya chakula tunakuomba utembee nasi mpaka chumbani, ni mlango wa pili tu kutoka hapa, ulione dirisha lenyewe.

Asante kwa kutusikiliza.

Ni sisi walimu wahitimu, kundi la tatu. Imesomwa na katibu.