Barua kutoka Hull: kura, riba na upepo

Hull, Uingereza
27 Oktoba 2024

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, na baridi ndiyo kwanza inaanza. Ujumbe wako niliupata, na swali lako nimeona si la kujibiwa kwa simu: iwapo Waingereza walipiga kura ya kutoka katika Umoja wa Ulaya, imekuwaje redio iseme kwamba kura hiyo iligusa hata fedha za mitambo ya upepo, ilhali upepo haujui mpaka?

Kura yenyewe ilipigwa tarehe 23 Juni 2016. Waliotaka kutoka walikuwa asilimia 51.9 na waliotaka kubaki 48.1, yaani nchi ilipasuka karibu katikati, na wewe uliyeyaona ya Ndizi na Chungwa, kura yetu ya katiba ya Kenya ya mwaka 2005, huhitaji kuelezwa jinsi mambo hayo yanavyoingia hadi majumbani. Sisi wa nchi za Jumuiya ya Madola tuliokuwa tukiishi hapa kihalali tuliruhusiwa kupiga kura, ilhali Mpolandi aliyeishi na kulipa kodi hapa miaka mingi hakuruhusiwa. Nami nilipiga, nilikotia alama nitakueleza tukionana barazani.

Pigo la kwanza lilikuwa la sarafu, na hilo mlilihisi hata nyumbani. Usiku wa kuhesabu kura pauni ilikuwa ikibadilishwa kwa takriban dola 1.50, kulipokucha ilikuwa imeanguka hadi karibu 1.33, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu mwaka 1985. Pauni iliyokuwa ikileta takriban shilingi 150 ikawa inaleta 130 na kitu, na ndiyo sababu karo ya wakati ule iliwafikia pungufu. (Leo inakaribia shilingi 170, lakini usiisifu pauni, shilingi yetu nayo imeshuka.)

Pigo la pili halikuwa na kishindo, na ndilo ninalotaka kulieleza kwa urefu. Hesabu ya umeme wa upepo si ile ya umeme wa dizeli. Anayechoma dizeli hulipa kila siku kadiri anavyochoma, lakini anayesimamisha mitambo ya upepo baharini ni kama mwenye jahazi: upepo ni wa bure maisha yote, ila mbao, misumari, tanga na ujira wa fundi hulipwa kabla chombo hakijagusa maji. Fedha hizo nyingi ni za mkopo wa miaka mingi, kwa hiyo riba ikipanda kidogo tu, bei ya umeme hupanda nayo hata kama upepo unavuma vilevile. Mkopeshaji mwenye riba nafuu na subira ndiye huamua kama mradi utajengwa au utabaki kwenye makaratasi.

Kwa Uingereza, mkopeshaji huyo alikuwa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, yenye makao yake Luxembourg. Uingereza ilimiliki takriban asilimia 16 ya mtaji wake, na benki ilikopesha mashamba ya upepo kama Beatrice, nje ya pwani ya Uskoti, na Galloper, nje ya Suffolk. Wenye benki hiyo ni nchi wanachama wa Umoja, na anayetoka katika Umoja hutoka pia katika benki. Lakini madhara hayakungoja siku ya kutoka. Serikali ilipotoa notisi rasmi ya kujitoa Machi 2017, mikopo mipya ilipungua sana mwaka uleule, ingawa Uingereza ilibaki mwanachama hadi 31 Januari 2020. Mtaji iliokuwa imelipa, euro bilioni 3.5, inarudishiwa kwa mafungu 12 ya kila mwaka, bila sehemu yoyote ya faida iliyolimbikizwa tangu ilipojiunga mwaka 1973. Naona hapo walijadiliana vibaya.

Tena walikuwa na benki ya kwao wenyewe, ya uwekezaji wa kijani, iliyoanzishwa mwaka 2012 na kuwekwa Edinburgh. Waliiuza kwa kampuni ya Macquarie ya Australia kwa pauni bilioni 2.3 mwaka 2017, yaani mwaka uleule dirisha la Luxembourg lilipokuwa likifungwa! Ilikuwa hadi Juni 2021 ndipo walipofungua benki ya miundombinu mjini Leeds, ambayo mwezi huu imepewa jina jipya.

Hapa Hull mambo haya yanaonekana kwa macho. Kwenye gati la Alexandra mabawa ya mitambo hulazwa safu kwa safu yakingoja meli. Ya kwanza kutengenezwa hapa yalikuwa na urefu wa mita 75 kila moja, na ya sasa yanapita mita 100. Kiwanda kilijengwa na kampuni ya Siemens ya Ujerumani. Siku chache baada ya kura, kampuni ilisema inasitisha mipango mipya ya kuuza nje kutoka hapa hadi ijulikane biashara na Ulaya itakuwaje. Kiwanda chenyewe kilikuwa kimekwisha kuamuliwa, kikafunguliwa Desemba 2016 na kuleta ajira zipatazo 1,000, lakini upanuzi mkubwa ulitangazwa mwaka 2021, mkataba wa biashara na Ulaya ulipokwisha kupatikana. Na mji huuhuu, mjomba, ulipiga kura ya kutoka kwa asilimia 67.6. Jirani yangu, ambaye babake alivua samaki katika bahari za Iceland hadi uvuvi ule ulipokufa miaka ya 1970, aliniambia kwamba kazi zao zilipokwisha hakuna aliyewauliza maoni yao, basi hii ilikuwa zamu yao ya kuulizwa.

Hata hivyo, usidhani Uingereza imefilisika. Ofisi huru inayotoa makadirio ya uchumi na bajeti ya serikali inakadiria kwamba tija ya nchi itakuwa chini kwa takriban asilimia 4 kwa muda mrefu kuliko kama ingebaki katika Umoja. Hasara ya namna hiyo huonekana polepole. Upepo nao umeendelea: mashamba ya upepo ya Hornsea 1 na Hornsea 2 yanazalisha umeme nje ya pwani yetu hii, na kituo cha mwisho cha makaa ya mawe kilizimwa mwezi uliopita. Kilichoinusuru sekta ni mikataba ya bei maalumu, inayomhakikishia mzalishaji bei ya umeme wake kwa miaka mingi, ambayo serikali hutoa kwa mnada na kwa sheria zake yenyewe. Mnada wa mwaka 2023 ulipokosa hata mradi mmoja wa baharini, sababu ilikuwa bei ya juu kabisa iliyoruhusiwa kuwa ndogo mno wakati gharama na riba zimepanda dunia nzima, na si haki kuibebesha kura ya maoni lawama hiyo yote.

Uliuliza pia kama sisi Kenya tulipoteza. Benki hiyohiyo ya Luxembourg iliukopesha mradi wa upepo wa Ziwa Turkana euro milioni 200, na ile mitambo 365 kule Marsabit, yenye uwezo wa megawati 310, inaingiza umeme kwenye gridi inayofika Kilifi. Pengo la mtaji wa Uingereza lilijazwa na wanachama waliobaki, na benki ina ofisi Nairobi hadi leo. Kwa hiyo Kenya bado inaweza kuiomba mkopo wa mitambo ya upepo, na Hull haiwezi kwa namna ya zamani.

Msalimie mkaza mjomba na watoto wote. Fedha za karo nitatuma mwisho wa mwezi.

Wasalaam,
Mpwa wako